Kibao cha Njia Panda

Mtaa mzima ulimwita Bi Spika, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini. Sauti yake ilikuwa ikivuka barabara bila kuangalia kulia wala kushoto. Kwa kazi alikuwa fundi cherehani. Kwa mapenzi, bila mtu kumtuma wala kumlipa, alikuwa mpiga debe wa bendi ya mtaani, ambamo mumewe alipiga gitaa la besi. Ukimpelekea suruali ya kupunguza, ulipimwa kiuno huku ukibanwa uahidi kuja Jumamosi. Ukisitasita, ulikumbuka kwamba mwenye pini ni yeye.

Sasa maji yalikuwa yamemfika shingoni. Mwenyekiti wa mtaa, mshika ufunguo wa ukumbi, alichoka kuvifungulia mlango viti vitupu. Alisema wazi kwamba Jumamosi hii ukumbi ukikosa watu tena, utageuzwa stoo ya saruji. Bi Spika alicheka mbele yake, kisha akaenda kulia nyuma ya cherehani. Bila ukumbi, mumewe angebaki kuzipigia gitaa kuta za chumba chao. Alishawahi kumwona akifanya hivyo, kichwa chini kama mtu aliyekosea, na hakutaka kumwona hivyo tena.

Akaamua kuandika kibao. Mumewe alimshauri aandike "laivu" ili watu waelewe. Bi Spika alimkata kauli: Kiswahili kina maneno yake, ya nini kuazima kwa jirani? Ungekuwa muziki wa moja kwa moja, basi. Ila ubao ulikuwa mfupi, na fundi cherehani kitambaa kisipotosha hupunguza pindo. Akalipunguza lile "wa". Kibao kikasomeka MUZIKI MOJA KWA MOJA, kwa rangi nyekundu, akakipigilia njia panda, pale kichochoro cha ukumbini kinapokata kulia.

Jumamosi alasiri bendi ilikaa tayari. Mpiga ngoma alikuwa hata amechomekea shati. Mwenyekiti alikaa mstari wa mbele, peke yake, akijipepea kwa kofia. Bi Spika alitoka mlangoni akarudi, akatoka tena akarudi. Mumewe akaanza kulegeza nyuzi za gitaa, polepole, bila kumtazama mkewe, na kule kutotazamwa kulimuuma Bi Spika kuliko matusi.

Ndipo akaingia wifi yake, dada wa mumewe, ambaye tangu siku ya harusi hawakuwahi kukutana bila kutaniana. Alikuwa na vumbi hadi kwenye kope, kiatu kimoja mkononi.

"Wifi, leo umenikomoa," alisema. "Nimekwenda moja kwa moja kama ulivyoandika, nikidhani mmehama ukumbi, mpaka nikagonga geti la kiwanda cha mbao. Muziki hakuna. Mtaa wote uko kule umekalia magogo, unakusema wewe."

Bi Spika alibung'aa. Miaka yote aliwabembeleza wasimsikie, na siku waliyomtii neno kwa neno, aliwapeleka mbali na mlango wa ukumbi kwa mkono wake mwenyewe. Alianza kucheka, akacheka hadi akashika ukuta, kisha akaanza kugawa mizigo. Wifi alipewa vipaza sauti. Mwenyekiti, kabla hajauliza kulikoni, alijikuta amekumbatia ngoma.

Kiwandani seremala alikuwa amezima misumeno, akidhani amepata wateja kwa mkupuo. Aliwapa umeme wake. Wimbo wa kwanza ulipoanza, watu waliokuwa wakinung'unika walisimama juu ya magogo, na mumewe Bi Spika akainua kichwa, akakiacha huko huko juu.

Jumatatu saruji ililetwa ukumbini. Mwenyekiti hakuvunja neno lake: ukumbi ulikosa watu, na shahidi ni yeye mwenyewe. Bi Spika hakubisha, kwa kuwa seremala alishawaambia wawe wanakuja kila Jumamosi.

Kilichobaki kumkera Mwenyekiti ni kibao. Alipopeleka suruali kupunguzwa, alimwambia Bi Spika akakirekebishe, kinapotosha watu. Bi Spika alikuwa na pini mdomoni. Alizitoa zote kwanza, asije akasikika vibaya.

"Simama wima, Mwenyekiti," alisema. "Kilikuwa kinapotosha. Siku hizi muziki uko moja kwa moja."

Nyuma ya pazia, mumewe alikuwa anakaza nyuzi.