Maikrofoni Kiziwi

Mtu akikwambia mwanamke akishazaa sauti inamshuka, mwulize imeshukia wapi. Mimi niliambiwa hivyo mwanangu hajaota hata jino, tena na mama yangu mkubwa, mwenyekiti wa kikundi chetu cha taarabu ya wanawake pale Malindi.

"Kaa ulee, mwanangu," akasema. "Kaseti haitaki vilio."

Kaseti yenyewe ilikuwa hivi. Fundi mmoja mwenye duka la kaseti aliahidi kuturekodi kwenye harusi moja, kisha auze wimbo wetu Lamu mpaka Mombasa. Na wimbo alioutaka ni wangu. Niliutunga mimba imenikaa kooni, niko juu ya mbuzi nakuna nazi, neno moja na kifuu kimoja. Sasa nisikie kwamba ataimba binti wa kaka yake mama mkubwa, msichana mzuri, sina ubaya naye, lakini sauti yake nyembamba kama uzi wa kushonea kofia.

Niliwaka. Baba mtoto alikuwa Gongoni kwenye kazi ya chumvi, na aliporudi mwisho wa wiki nikamweleza yote. Akasema, "Si vizuri, utapumzika?" Kupumzika! Alirudi kwenye chumvi yake chai hajamaliza, na nadhani kule jua lilimwonea huruma kuliko mimi.

Basi ikaja siku ya kwenda dukani kuchagua maikrofoni. Sikualikwa, nikaenda. Mtoto mgongoni.

Nyuma ya duka fundi alikuwa na chumba anachokiita studio. Kuta zote amezitundikia magodoro ya pamba, mlangoni pia, hata ukikohoa kikohozi kinafia mdomoni. Akatuwekea maikrofoni mbili mezani. Ya kwanza nene, rangi ya fedha, imening'inizwa katikati ya mipira kama mtoto kwenye bembea. Ya pili ina kichwa cha wavu, kimebonyea upande mmoja, inanuka mate.

"Hii ya fedha," fundi akasema, akaigusa kama anagusa shavu la mchumba, "inasikia hata nzi akipangusa miguu. Hiyo nyingine ni ya vijana wa bendi, wale wanaopigia hotelini Kikambala. Kiziwi. Usipoitafuna haikusikii."

"Kaka fundi," nikasema, "humu ndani ya magodoro yako, sawa, ya fedha ni nzuri. Kimya tele, mwimbaji peke yake. Lakini harusini? Bangili zile, vitoto vile, watu wanakuja kutunza? Kule inatakiwa kiziwi."

Sikulitoa kichwani. Shuleni nilikuwa msoma ratiba siku ya wazazi, na mwaka mmoja waliazima maikrofoni sikivu kama ile. Hotuba ya mwalimu mkuu haikusikika. Alisikika jogoo wa jikoni.

Fundi akacheka. "Mama mtoto, wewe unajua uji. Haya niachie mimi."

Mama mkubwa hakutaka hata kufikiri. "Ya fedha. Hatuendi kwa watu na kitu kinachonuka mate."

Nikanyamaza. Anayenijua, nikinyamaza huanza kutafuta viatu vyake.

Harusi ilikuwa alasiri. Ndani wanawake watupu, bibi harusi juu ya kiti, hina mpaka viwikoni, macho amefumba kama inavyotakiwa. Wanaume walikuwa nje chini ya turubai wanakula pilau. Na kwa kuwa mwanamume haingii kwenye karamu ya wanawake, fundi aliitega maikrofoni yake ya fedha mapema, akatoka, akakaa nyuma ya pazia la ukumbini na mashine zake. Spika, ile ya mdomo kama tarumbeta, aliifunga juu ya paa ikaelekea mtaani, ili na wanaume wafaidi wimbo.

Sasa, kwetu mtu hatunzi kimyakimya. Wimbo ukimgusa anajifunga leso, anakuja akicheza na noti yake, na akishafika kwa mwimbaji anamwinamia sikioni kumwambia anamtunza kwa ajili ya nani. Hiyo ni siri ya wawili. Ndiyo raha yake: umemchoma mtu mbele ya ukumbi mzima, na hana pa kukushika.

Mimi nilikaa dirishani. Ndani ngoma zilikuwa zinalia, hakuna aliyesikia kitu. Dirishani nilikuwa nasikia mtaa.

Akaja wa kwanza, akainama. Juu ya paa ikatoka, safi kama taarifa ya habari: "Mpe yule wa leso ya zambarau. Nilimwazima sufuria yangu, imerudi haina kifuniko."

Nje, sahani zikatulia.

Akaja wa pili. "Huu wa wifi yangu, aliyesema biriani yangu ni chakula cha wagonjwa."

"Allah!" akasema mwanamume mmoja chini ya turubai. "Si mke wangu huyo?"

Wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Ningeweza kusimama nikasema. Nilimgeuza mtoto titi la pili.

Kando yangu alikaa bibi mmoja wa watu wenye mashamba, anatafuna tambuu taratibu, amejaa heshima. Huyo ni mama mkwe wake fundi.

"Mama, shikamoo. Leo hutunzi?"

"Marahaba. Nimtunze nani, mwanangu?"

"Wimbo huu unamfaa mtu mwenye lake moyoni."

Akatafuna. Akafikiri. Akatema tambuu, akajifunga leso yake vizuri, akaenda. Na mimi nikasogeza sikio dirishani.

"Mwanangu," akamnong'oneza mwimbaji, na mtaa mzima, "huu nampa mkwe wangu, fundi. Magodoro ya binti yangu yote kayatundika ukutani, ati studio. Wajukuu zangu wanalala mkekani, kuta ndizo zinazolala pazuri!"

Spika ikakatika kama mtu aliyezibwa mdomo. Nje paliumka kicheko ambacho hata ngoma hazikukishinda. Kisha nyuma ya pazia sauti ya fundi ikaita, nyembamba: "Jamani! Wanasikia kila kitu huko nje! Kila kitu!"

Hapo ndipo palipokuwa na harusi. "Kifuniko gani?" aliuliza wa leso ya zambarau, akisimama. Wifi anamtafuta wifi. Binti mwimbaji akatupa macho huku na huku, akasema yeye haimbi tena, akaenda kulia jikoni. Na bibi harusi, aliyetakiwa kutulia kama picha, macho amefumba, lakini mabega yanamtikisika.

Mama mkubwa akanijia, kanga imemwanguka kichwani.

"Haya, weye. Sema."

"Niseme nini? Mimi najua uji."

"Usinichezee! Watu wa harusi watatufukuza. Unataka nini?"

"Nataka kiziwi. Na wimbo wangu, na uingie kwenye kaseti na sauti yangu."

"Na mtoto?"

"Mtoto nimpeleke wapi? Nampakata."

Alinitazama kama mtu aliyemeza mwiba. Kisha akaenda paziani kunong'ona, na chini ya pazia ukapenya mkono wa fundi, mkono tu, umeshika ile ya wavu. Uso hakutaka kuuonyesha, kwa sababu mama mkwe alikuwa hatua chache kutoka hapo, anaagiza tambuu nyingine.

"Mama mtoto," mkono ukasema, "uishike karibu na..."

"Najua."

Nikaketi. Mtoto kushoto, chini ya leso, ananyonya. Kiziwi mkono wa kulia, midomo yangu juu ya wavu, mate ya Kikambala na yote. Fundi akaifungua tena spika ya paani. Ngoma zikaingia, zile hazihitaji kualikwa. Nikaimba wimbo wangu kutoka mwanzo, na katikati nikaongeza ubeti ambao jikoni haukuwapo:

Mwenye mwana si mgonjwa, sauti hajaizaa.

Waliinuka wote. Wakanitunza na kuninong'oneza mambo ambayo siku hizi bado nikikumbuka najifunika uso, na hata moja halikutoka nje. Mama mkwe alirudi mara ya pili, akasema ya magodoro kwa sauti zaidi, akiwa na hakika sasa anasikika. Paa likatoa wimbo wangu tu. Ukiisikiliza kaseti, kuna neno moja nimeliimba huku nacheka, ni hapo.

Kilio cha mtoto hakimo. Alipotosheka nilimwinua begani wakati kinanda kinapita peke yake, maikrofoni bado mkononi, nikampigapiga mgongo. Akacheua. Mdomo wake ulikuwa juu ya wavu barabara, na kiziwi husikia kilicho mdomoni mwake.

Kaseti ilitoka hivyo hivyo. Watu walikuwa wanaingia dukani kumwuliza fundi ile ni ngoma gani, iliyopigwa mara moja tu, nzito, baada ya kinanda. Aliwajibu ni ngoma ya zamani sana, wapigaji wake wamebaki wachache.

Mpigaji alikuwa mgongoni kwangu, analala.