Jiwe Lililotembea Lobule

Siku yangu ya kwanza kazini katika ofisi ya ardhi ya Arua, nilikabidhiwa mnyororo wa kupimia, ule wa chuma unaovutwa na watu wawili, nikaambiwa nisiufungue mpaka katekista amalize kuomba. Tulikuwa kijijini Dadamu, jua limeshapanda, nami nimetoka chuoni kichwa kimenivimba. Mkuu wa Upimaji alivua kofia akainamisha kichwa. Niliona tunapoteza wakati.

Miaka ilipita, minyororo ikaachwa, vikaja vyombo vinavyosoma satelaiti. Nikahamishiwa Koboko kuongoza kikosi, na jambo la kwanza nililofanya ni kuifuta ile sala.

Ndipo yakanikuta ya Lobule, huko huko Koboko. Mjane mmoja, Poni, aliachiwa na mumewe shamba la mihogo, na shemeji yake Yosia alikuwa akilimega. Watoto wanne walikula kutoka shamba hilo, hapakuwa na lingine. Nikapima, nikachimbia kila pembe bikoni, yaani jiwe la saruji lenye namba, nikampa Poni ramani yenye mhuri. Baada ya wiki mbili, jiwe moja limeota miguu, liko hatua kumi ndani ya mihogo yake. Nikalirudisha. Likatembea tena. Polisi walikuja, wakaandika, wakaondoka. Poni hakunilaumu hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma.

Nikampigia simu Mkuu, aliyekuwa keshastaafu. Akauliza kama nilimwita katekista. Nikamwambia chombo changu hakidanganyi.

“Chombo yako hapana danganya,” akasema. “Lakini hapa Lobule, nani iko najua hiyo chombo?”

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na langu lilikuwa limevunjika mara mbili. Jumapili baada ya ibada, katekista wa pale aliutembea mpaka wa shamba pamoja na waumini wote, na sheikh wa jirani akaja na watu wake wanaolima ng'ambo ya pili. Yosia akaombwa alibebe jiwe yeye mwenyewe. Alilibeba jasho likimtoka, akalitua mahali pake, akatamka mbele ya wote kwamba pale ni kwa Poni.

Nilimvuta kando nikamuuliza kwa nini hakuuheshimu mhuri.

“Muhuri iko ya serkali, Mzee, na serkali iko mbali,” akasema. “Hawa watu mimi naomba na wao kila Jumapili. Siku mimi nakufa, ni hawa nabeba mimi.”

Sasa nimestaafu. Wapimaji vijana huniuliza mbona dini haififii, na umeme umefika, na kila mtu ana simu. Zamani ningewajibu kwamba ni woga na ujinga. Leo nawaambia wapime vizuri, kisha wavue kofia, maana mtu huliogopa neno alilolisema mbele ya watakaomzika.

Mwezi uliopita nilipita Lobule. Yosia alikuwa ameinama na jembe akipalilia majani kulizunguka lile jiwe. Alipomaliza upande wake, akavuka, akaendelea na wa Poni.