Cheni Mpya ya Muuza Maji

Mwaka niliomaliza chuo kikuu nilirudi Kitengela na digrii, bila kazi, na maoni kuhusu kila kitu. Kanisa letu lilikuwa na banda la kutengenezea baiskeli, na desturi yake ilinikera: hakuna kilichotupwa. Kipande kilichochakaa kiliingia kwenye pipa, kikangoja baiskeli ya kukifaa. Fundi, mzee mpole kutoka Machakos, nilimwona kama mlinzi wa takataka.

"Mzee, hii ni kutu tu."

"Hata kutu iko na kazi," alijibu, akiendelea kupaka grisi.

Alipoenda mazishini kwao, nikaleta mageuzi. Kwanza muuza maji mmoja alileta baiskeli yake, nikamfungia cheni mpya ya dukani. Ile yake ilikuwa imelegea kama soksi. Akaniita mwalimu. Kisha nikamwita mnunuzi wa vyuma vikuukuu, akabeba pipa zima, cheni ile ya zamani ikiwemo. Banda likapendeza sana.

Siku ya pili asubuhi fundi alikuwa amerudi. Muuza maji alikuja akiisukuma baiskeli, mitungi minne nyuma, jasho likimtiririka.

"Mwalimu, hii cheni yako inaruka! Nikikanyaga tu, inaruka. Mama wa hoteli amesema maji isipofika saa nne, anachukua ya mkokoteni wa punda."

Hoteli hiyo ndiyo iliyonunua maji yake kila siku. Wengine walinunua pale tu mvua ilipokosekana.

Fundi aliinama, akapitisha kidole kwenye gia ya nyuma. "Meno yameisha. Cheni ya zamani ilikuwa imeisha nayo, zilikuwa zinaelewana. Hii mpya haimjui mtu hapa. Ile iko wapi?"

Nikamweleza. Akatazama alama ya duara pale pipa lilipokuwa.

"Chuoni ulisoma nini?"

"Sosholojia."

"Basi si makosa yako."

Sasa cheni mpya ilihitaji gia nzima, na gia nzima ilikuwa moja tu, kwenye baiskeli yangu iliyoegemea ukuta. Hakuniuliza. Aliifungua, akamfungia muuza maji, na ile iliyoisha meno akaifunga kwangu.

"Mzee, na mimi je?"

"Wewe uko na haraka ya kwenda wapi?"

Muuza maji alikuwa ameshapanda. Nilimwona akikunja kona ya hoteli, amesimama kwenye pedali, na cheni hairuki.