Viazi vya Chania

Leo nimeinua mkono kabla mwalimu hajamaliza kuongea. Wazazi wote wakageuka. Wacha wageuke!

Tulikuwa kwenye mkutano wa darasa la mjukuu wangu, hapa Witeithie. Mwalimu akasema wakifunga mwaka atawapeleka watoto kuona maporomoko ya Chania, na anataka mtu mzima wa kuwasindikiza.

Mimi!

Akatabasamu. "Shosho, huko kuna ngazi nyingi. Hutachoka?"

Nikamwambia, kuchoka nimeshachoka, kwa kungoja.

Miaka ya hamsini, wakati wa Hali ya Hatari ya wakoloni, nilikuwa nasoma shule ya Theta. Mwalimu wetu alituahidi safari hiyo hiyo. Mama akanichemshia viazi vitamu, akavifunga kwa kitambaa. Tukatembea tukiimba mpaka kwa kizuizi cha barabara.

Askari akaitisha pasi ya kusafiri. Mwalimu alikuwa na yake. Maskini, hakufikiria hata sisi watoto tungehitaji ruhusa.

Tukarudishwa. Mwalimu akatukalisha kando ya barabara, akasema tule chakula chetu hapo hapo.

Wenzangu walikula. Mimi nilivirudisha viazi nyumbani, nikamwambia Mama tutaenda kesho.

Mama alivirudisha tu kwa sufuria.

Basi leo nikawaeleza hayo yote mkutanoni, mwalimu akasema nitaenda. Nimeitisha kiti cha dirishani kwenye basi.

Safari ni wiki ijayo. Viazi viko motoni tayari. Mjukuu anasema vitaharibika kabla ya siku yenyewe.

Nyinyi mnasemaje, nizime moto?

Na asiniambie mtu nizime.