Akala za Akiru

Daktari wa mifupa wa Lodwar haanzi na mguu. Huanza na viatu. Huziokota akala za mgonjwa, akazigeuza taratibu kama mtu anayeota ndoto, kidole gumba chake kikifuata pale soli ilipolika. Akiru wa Kakuma, ambaye kinundu cha kidole gumba cha mguu kilimnyima kuruka kwenye ngoma ya edonga, alimkumbuka emuron wao wa mwisho, mzee aliyepiga ramli kwa kurusha akala. Siku hizi watu huiuliza simu.

“Zinasema nini?” Akiru akamuuliza daktari.

“Unakanyagia upande, mama. Nitatoboa vitundu kama vya mwiba, ninyooshe mfupa humo humo.”

“Na nitaruka tena?”

Daktari alizigeuza tena akala.

“Basi zirushe, kama emuron.”

Daktari alitazama mlangoni asije akaonekana, akazirusha. Zikaanguka zote mbili zikielekea nje, kama za mtu anayekwenda ngomani.

“Haya,” Akiru akanyoosha mguu. “Toboa.”