Jirani Aliyechota Maji ya Chini

Mwaka huu nilirudi kijijini kwetu, bara kidogo kutoka Kiswere, kumzika shangazi. Watu walipotawanyika niliteremka peke yangu hadi kijitoni. Harufu ya tope na majani yaliyooza ilinipokea, nikajiona tena msichana mdogo, kibuyu kichwani, mgongo umelowa.

Unajua, ndugu msomaji, kijito chenyewe kilikuwa kidogo tu. Mtu mzima alikivuka kwa kuruka. Kilitoka vilimani kwa Wamatumbi, kikapita kando ya shamba la pamba la akida, msimamizi aliyewekwa na Wajerumani, ambako wazazi wetu walilimishwa kwa viboko, kikaja kwetu, halafu kikapotelea kwenye mikoko. Juu, penye mchanga mweupe, tulichota maji ya kunywa. Chini yake tuliroweka muhogo, na hapo maji yalinuka.

Baba alipokunywa maji ya dawa, yaliyosemwa yanazuia risasi, na kwenda na wenzake kupigana na Wajerumani, jirani yetu, mwanamke wa rika la Bibi, alianza kuchota kule chini. Hakuna aliyemfukuza. Mwanawe alikuwa askari wa Wajerumani, na wanawake walinyamaza kila alipofika. Bibi, mama yake Baba, ambaye zamani alikuwa akisukana naye nywele, hakumjibu hata salamu.

Asubuhi moja, mimi na Bibi tukimenya muhogo, jirani alitokea akitembea ndani ya maji ili asionekane njiani.

"Dada, toeni chakula ghalani," alisema. "Kesho wanakuja kuchoma."

"Nani kakwambia?"

"Mwanangu. Wakijua, watamnyonga."

Bibi akaosha mikono, akainuka. Siku ile wanawake na watoto tulibeba mtama tukauficha vichakani, kando ya kijito. Kesho yake moshi ulipanda kila upande. Ghala la jirani nalo liliungua, tena likiwa limejaa. Aliliacha vile makusudi, mwanawe asije akashukiwa.

Njaa iliyofuata sitaki kuisimulia yote. Tuliula ule mtama kwa kubaniana, ulipokwisha tukachimba ming'oko, viazi vya porini. Jirani alikula nasi. Siku ya kwanza baada ya moto alipita na kibuyu chake akielekea kule kule chini. Bibi akamwambia, "Njoo uchote huku," kisha akamtwisha kwa mikono yake.

Baba hakurudi. Mwana wa jirani naye hakurudi. Wengine walisema alihamishiwa mbali, wengine walisema jambo jingine, na mama yake hakuuliza.

Sasa kijiji kimehama, mchanga umefunikwa na magugu, na vijana waliokuja mazikoni hawajui kama watu waliwahi kuchota pale. Nilikaa ukingoni, mahali walipokuwa wakikaa wale wanawake wawili jioni, kazi zikiisha, bila kusemezana. Utotoni nilidhani wamechoka. Nilipozaa wangu ndipo nilipojua kwamba walikuwa wakisikiliza hatua njiani.