Uso wa Mke wa Mwoka Mikate

Veit Söllner wa Nuremberg alitumia maisha yake yote kuchonga nyuso kinyumenyume. Ndiyo kazi ya mchonga sarafu na medali: kwenye kalibu ya chuma, ile inayogongwa juu ya fedha ili kuitia sura, kulia huwa kushoto, na pua ndefu ya mtukufu fulani huchimbwa kama shimo la panya. Alianza kijana, mgongo umenyooka. Uzeeni ulikuwa umepinda kuelekea mezani na haukurudi tena. Hakuoa. Uso mmoja tu ndio uliomshinda kuutunza, wake mwenyewe, maana ndevu zake zilikuwa aibu tupu.

Wateja wake walikuwa wakubwa, na wakubwa hawana taabu: wapunguzie kidevu, waongezee nywele, watakushukuru. Veit alikuwa fundi hasa wa kupunguza videvu. Sarafu zake zilipita mikononi mwa watu wasiolijua jina lake, na hilo halikumkosesha usingizi.

Taabu ilikuja na Konrad Hechtfischer, mwoka mikate wa mtaani. Mkewe, Babette, alikuwa amefariki wakati wa theluji bila kuacha picha hata moja. Konrad alimmwagia Veit mezani vifungo vya fedha vya kizibao chake cha harusi.

“Jirani, yeyusha hivi unitengenezee Babette. Uso wake unanitoka. Nikiamka nautafuta, siupati vizuri. Naogopa, Veit.”

“Tuseme alikuwaje?”

“Malaika. Mpole, hana neno na mtu.”

Veit aliguna, lakini nani wa kubishana na mfiwa? Akamchonga Babette kwa upande, kama vichwa vyote vya sarafu, midomo imetulia, kidevu kimepunguzwa kidogo. Akaipenda kazi yake. Konrad aliigeuza medali dirishani, akaigeuza tena.

“Mama huyu ni nani?”

“Acha utani, Konrad.”

“Mzuri kweli. Lakini simjui.”

Hakuna aliyewahi kumkatalia Veit uso, na jambo hilo lilimchoma. Kilichomuuma zaidi ni vile Konrad alivyoondoka, mabega chini, kama aliyefiwa upya.

Asubuhi iliyofuata alikwenda kununua mkate, akachungulia jikoni. Konrad alikuwa akikanda upande mmoja wa meza ndefu. Upande wa pili haukuwa na chembe ya unga. Pale ndipo Babette alipokuwa akisimama tangu walipooana, wakikanda uso kwa uso. Veit akaelewa. Bwana huyu hakuwahi kumtazama mkewe kwa upande, labda kanisani tu, na kanisani alikuwa analala.

“Hivi dada yako alikuwa malaika?” alimuuliza Kunigunda, mdogo wa Babette, aliyekuwa sasa akiuza mikate.

Kunigunda alicheka mpaka akashika meza. “Malaika wa wapi! Si alikufukuza humu wewe na midevu yako, eti usiwamwagie watu manyoya kwenye mikate?”

“Alinifukuza, tena si mara moja,” alisema Veit, akashangaa kuona anayatamani yale matusi.

Akamyeyusha yule mama mzuri, akaanza kuchonga uso wa mbele. Mafundi wenzake wakamcheka: uso wa mbele kwenye fedha nyembamba hutoka kama mkate uliokaliwa. Kalibu ya kwanza ikatoka hivyo hivyo. Ya pili ikapasuka ilipotumbukizwa majini kutoka motoni. Macho yakimtiririka, akaanza ya tatu. Akapandisha nyusi moja, akarudisha kidevu chote, akaacha midomo wazi kidogo, upande mmoja, kama ya mtu aliyekwisha kukuona na anavuta pumzi akukaripie.

Siku aliyoipeleka medali mpya, mikono ya Konrad ilikuwa imezama kwenye unga. Veit aliisimamisha upande ule mtupu wa meza, akaiegemeza kwenye gunia, akarudi nyuma mpaka mlangoni.

Konrad aliinua macho. Mikono ikasimama. Upesi upesi akajipangusa unga kifuani na kunyoosha aproni.

“Chumvi nimeshatia, Babette,” alisema. “Nimetia, nakwambia.”